Barua ya wazi kwa waheshimiwa wabunge: hizi picha tumeziona, sasa wamesema nini?

Waheshimiwa wabunge, pamoja nanyi waheshimiwa madiwani na watendaji ambao barua hii itawafikia,

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana sisi Wagogo.

Nawaandikia nikiwa hapa hapa Dodoma. Ving'ora vya misafara yenu navisikia kila Bunge linapokaa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha miaka 31. Somo langu nililianza likiitwa Siasa, likaja kuitwa Uraia, na nikastaafu linaitwa Uraia na Maadili. Sasa nalima zabibu, eka moja na nusu, na mchana jua likiwa kali nakaa chini ya mti na redio. Sina chama. Nimewahi kusimamia vituo vya kupigia kura mara tatu, na kila mara nilisaini tamko kwamba mimi si mwanachama wa chama chochote. Mpaka leo sijalitengua.

Nataka kuwaeleza jambo lililonitokea mwaka 2010 nikiwa msimamizi wa kituo, katika kijiji kilichoko mbali na lami. Kituo chetu kilikuwa ndani ya darasa. Madawati tuliyasukuma ukutani, kituturi tukakiweka kwenye kona chini ya chati ya silabi, masanduku matatu yakakaa katikati na lakiri zake. Kwenye saa nne akaja bibi mmoja, kadi ya mpiga kura ameifunga kwenye pindo la kanga. Alihangaika na fundo lile mpaka nikataka kumsaidia. Karani akahakiki jina, nikamkabidhi karatasi zake, akaingia kituturini. Akakawia. Foleni ikaanza kunung'unika. Mwisho akachungulia, akaniita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hizi picha nimeziona. Sasa wamesema nini?"

Nilikuwa nimeapa kiapo cha kutunza siri. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia hata nusu neno. Nikamjibu, "Bibi, chagua yule unayemtaka." Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa aende anakotaka kwenda. Akaweka alama zake, akatumbukiza karatasi, akachovya kidole kwenye wino, akatoka polepole. Baadaye niliambiwa kwamba katika kitongoji chake hakuna mgombea hata mmoja aliyefika. Lilipita gari la matangazo mara moja, likipiga muziki.

Kwa hesabu za tume, yule bibi alipiga kura. Nami nilimhesabu hivyo kwenye fomu, na fomu ilikuwa sahihi. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ilikuwa kweli kura.

Waheshimiwa, Katiba yetu imeiweka haki ya kupiga kura kwenye Ibara ya 5 na uhuru wa maoni kwenye Ibara ya 18. Darasani nilizifundisha kama mada mbili, kila moja na wiki yake na mtihani wake. Nilikosea. Kura ni jibu, na jibu linataka swali lililoulizwa kwanza kwa sauti, mbele za watu, likazungumzwa, likapingwa, likarudiwa. Mkituachia karatasi mkatuondolea mazungumzo, mmetuachia kile alichoachiwa yule bibi: picha. Ibara ya 18 yenyewe haikuishia kwenye haki ya kusema. Inatupa pia haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya mambo muhimu kwa maisha yetu. Imesema wakati wote. Haikusema wakati wa kampeni.

Sasa niwapeleke kwenye mkutano.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeunda Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Ndicho chombo cha juu kabisa cha kijiji, na hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mimi nakipenda chombo hiki kuliko chombo kingine chochote cha nchi hii, maana pale mama mwenye mtoto mgongoni ana haki sawa na mwenyekiti. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha mkoa huu, chini ya mbuyu. Alikuwepo na kiongozi mgeni kutoka wilayani. Mtendaji akasoma mapato na matumizi harakaharaka, kama mtu anayesoma tangazo la mnada, akapita na kwenye ununuzi wa mashine ya kusukuma maji ya kisima. Kila kaya ilikuwa imechangia. Mashine ilifanya kazi wiki tatu ikafa.

Akasimama kijana fundi baiskeli. Nilimfundisha darasa la tano, alikuwa mtoto mkimya. Akavua kofia akasema, "Shikamooni wazee. Mimi nina swali moja tu. Mashine ilinunuliwa shilingi ngapi, na risiti iko wapi?" Basi. Hakutukana mtu. Hakumtaja mtu. Watu wakaguna ile miguno ya kukubali, na nadhani miguno hiyo ndiyo iliyomponza. Mgeni akainuka akasema kijana huyu ni mchochezi, anataka kuvuruga amani ya kijiji, awekwe ndani akatulie. Mgambo wakamchukua pale pale. Alilala rumande siku mbili. Hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote, wala hakuambiwa kosa lake. Akaachiwa, akarudi kwa miguu.

Mkutano uliofuata nilikwenda tena. Watu walikuja wengi tu. Mtendaji akasoma taarifa, akauliza, "Kuna maswali?" Nilisikia mbuzi wakilia upande wa pili wa korongo. Fundi baiskeli alikuwa amekaa nyuma kabisa, anachora chini kwa kijiti. Mtendaji akauliza mara ya pili, akafunga daftari. Nikauona muhtasari ulivyoandikwa: wajumbe waliridhia kwa kauli moja.

Kauli moja. Mimi nilikuwepo, waheshimiwa, na sikusikia kauli hata moja.

Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wanapata nguvu ya kumweka mtu ndani namna hiyo kutoka kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, vifungu vya 7 na 15. Sheria inawaruhusu kuagiza mtu akamatwe wakiwa na sababu ya kuamini kwamba atavunja amani, na inataka afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48 au aachiwe. Sijui mtunzi aliwaza majambazi au watu wenye mapanga, lakini nina hakika hakuwaza fundi baiskeli anayeuliza risiti. Sheria hii ilipita mikononi mwa Bunge, na ni Bunge linaloweza kuirekebisha.

Nanyi mnalijua jambo hili kuliko mimi, kwa sababu Katiba imewakinga ninyi kwa Ibara ya 100. Inasema kutakuwa na uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, na hakuna chombo chochote nje kinachoweza kuhoji uhuru huo. Mbunge anaweza kusimama pale akamuuliza waziri risiti ya mabilioni, akarudi hotelini kwake akalala. Naona ni jambo jema sana. Lakini mbunge ni mtu aliyetumwa. Iweje aliyetumwa awe na uhuru wa kuuliza mabilioni, na aliyemtuma alale rumande kwa kuuliza pesa ya mashine ya maji? Nimeligeuza swali hili kila upande na sijaona jibu.

Wapo wanaotuambia kwamba kuulizana maswali hadharani ni mambo ya kuiga kwa wazungu. Si kweli. Marehemu baba yangu alipiga kura mwaka 1965, wakati nchi ina chama kimoja. TANU ilisimamisha wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Hawakuruhusiwa kufanya kampeni kila mtu kivyake. Walipandishwa jukwaa moja, siku moja, mbele ya watu wale wale, wakaulizwa maswali wakiwa wamekaa bega kwa bega. Baba alikuwa anatusimulia jinsi mzee mmoja asiyejua kusoma alivyomuuliza mgombea swali la josho la ng'ombe mpaka jasho likamtoka. Mwaka ule mawaziri walianguka. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alipoteza kiti chake. Sisemi turudi kwenye chama kimoja, kwa maana urais ulikuwa na jina moja tu na magazeti yalikuwa na mipaka yake. Nasema hata katika uwanja ule mwembamba, pale mtu aliporuhusiwa kuuliza, kura ilipata meno.

Na kura bila maneno imeshatuonyesha sura yake. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, karibu viti vyote nchini vilikwenda kwa chama kimoja, na sehemu kubwa ya viongozi walipita bila kupingwa. Wakati huo mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016, na ilikuja kuruhusiwa tena Januari 2023. Bila kupingwa! Nchi ya watu wabishi hivi, wanaobishana juu ya Simba na Yanga mpaka ugali unapoa, eti katika maelfu ya vijiji na mitaa hakupatikana hata mmoja mwenye wazo tofauti. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa kupita bila kupingwa kwa wabunge na madiwani, mgombea akiwa peke yake apigiwe kura. Mlifanya vema. Lakini kura ya ndiyo na hapana bado haimpi bibi yangu wa kituturini jibu la swali lake.

Niseme na jambo la njaa, kwa sababu sisi watu wa Ugogo njaa tunaijua kwa majina. Ile ya kati ya 1917 na 1920 wazee waliiita Mtunya. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini kabla mvua haijakosekana, jeshi la Wajerumani na baadaye la Waingereza lilikwisha kuchukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Mgogo wa wakati ule hakuwa na kura, na hakuwa na mahali pa kusema "mnatumaliza" akasikika. Miaka mingi baadaye mchumi Amartya Sen wa India, aliyeiona njaa ya Bengal ya mwaka 1943 akiwa mtoto, aliandika kwamba njaa kubwa ya kuua watu wengi haijapata kutokea katika nchi huru yenye demokrasia na magazeti yanayosema. Alitaja mambo mawili, na naomba myaangalie yote mawili. Uchaguzi unamfanya mtawala aogope. Vyombo vya habari vinamfanya ajue. Katika njaa ya China ya 1958 hadi 1961, anaeleza, watawala waliamini wana nafaka tani milioni 100 zaidi ya zile zilizokuwepo, kwa sababu kila ngazi ilipeleka juu taarifa ya kupendeza.

Ninyi mnaletewa taarifa za namna gani? Ile ya kijiji kile ilipanda juu ikiwa na maneno "kwa kauli moja". Ikafika kata, ikafika wilaya, huenda ikafika kwenye meza zenu na alama ya tiki. Na kisima hakitoi maji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeumbuka hapa si fundi baiskeli. Ni ninyi, mnaoongoza nchi msiyoisikia.

Mtaniambia wengi hawalalamiki. Inawezekana. Lakini wingi si kila kitu, na nchi yetu ina historia yake juu ya hilo. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuwauliza watu: chama kimoja au vingi? Takriban asilimia 80 walisema chama kimoja. Asilimia kama 20 walitaka vingi. Ingekuwa kura, suala lingeishia pale. Lakini tume ile ilisikiliza pia sababu, ikaona hao wachache wana hoja, na ikaona hata wale wengi wana malalamiko yanayohitaji dawa hiyo hiyo. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Kuna kazi ambayo kura haiwezi kuifanya: inahesabu vichwa, haipimi sababu. Kazi ya kupima sababu hufanywa na mdomo na sikio, kabla ya siku ya kura na baada yake.

Sasa nifike pagumu. Oktoba 29, 2025 tulikuwa na uchaguzi mkuu. Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakikuwa kwenye karatasi ya urais. Siku ile ile intaneti ilizimwa. Kijana wangu anaishi Dar es Salaam, na huko kukatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Kwa siku kadhaa habari zangu zote nilizipata gengeni, kwa watu ambao nao walizipata kwa dereva wa lori. Mmoja alisema hivi, mwingine vile, na kila mmoja alikuwa na idadi yake ya waliokufa. Nilikaa na simu mkononi kama jiwe. Kijana wangu alikuwa salama. Watoto wa wenzangu hawakuwa. Novemba ile, Rais alipolizindua Bunge hapa Dodoma mbele yenu, alitoa pole kwa familia zilizopoteza wapendwa wao na akasema itaundwa tume ya kuchunguza. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nami nawaomba ninyi msiiache kazi hiyo kwa tume peke yake. Jiulizeni katika ukumbi wenu: taifa linafanya nini siku ya kutoa sauti yake, likiwa limezibwa masikio?

Wanaozima intaneti husema wanazuia uvumi. Uvumi niliouona mimi uliota kwenye giza hilo. Mtu asipopata habari hanyamazi, anatunga.

Najua uhuru una mipaka. Nimefundisha Ibara ya 30 kwa chaki na kwa moyo wote. Anayemtukana mwenzake, anayetaka watu wa dini fulani au kabila fulani wapigwe, apelekwe mahakamani asomewe shitaka, apewe wakili. Hiyo ni haki na mimi nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono. Ila kumuudhi kiongozi si kuvunja amani. Wazee wetu walisema mkubwa ni jalala, kila uchafu hutupwa kwake naye hustahimili. Nyingi ya methali tulizofundisha watoto zilimtaka mdogo asikie la mkuu. Hii moja ilimfundisha mkuu kazi yake.

Ninachowaomba si kikubwa. Leteni bungeni vile vifungu vya mwaka 1997, vifutwe, au viandikwe upya ili mtu asiweze kuwekwa ndani kwa neno alilosema kwenye mkutano halali. Wekeni kwenye sheria kwamba mawasiliano hayazimwi siku ya kupiga kura wala siku za kuhesabu na kutangaza. Na waheshimiwa madiwani, hili ni lenu: mikutano ya kijiji na mtaa ikae kila miezi mitatu kweli, taarifa ya fedha ibandikwe ukutani wiki moja kabla ili watu waje wameisoma, na muhtasari uandike maswali pamoja na majibu, siyo "waliridhia" peke yake. Na wagombea wajao wapandishwe jukwaa moja waulizwe pamoja, kama walivyofanya wa jembe na nyumba. Haigharimu zaidi ya viti na kipaza sauti.

Dodoma hii mnayokaa ilichaguliwa kwa njia hiyo. Kabla ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, jambo lilipelekwa kwenye matawi ya TANU, watu wakajadili, wakapiga kura. Wapo waliokubali na wapo waliokataa. Sisi wenyeji tuliwapokea wote.

Kisima bado hakitoi maji. Wanawake wanatoka saa kumi alfajiri kwenda kuchimba kwenye mchanga wa korongo. Jumamosi iliyopita nilipeleka baiskeli yangu kwa fundi yule aniwekee breki, nikamuuliza kama atasimama tena kwenye mkutano ujao. Alikuwa anakaza nati, hakuinua kichwa. Akasema, "Mwalimu, swali si nilishaliuliza?"

Basi nalirudia mimi kwa niaba yake, na sasa nawauliza ninyi. Mashine ilinunuliwa shilingi ngapi, na risiti iko wapi?

Wenu,
Mwalimu mstaafu na mkulima wa zabibu,
Dodoma